Usukani wa Kiti cha Nyuma

Kandida alizikwa Jumamosi saa nane mchana, kati ya migomba nyuma ya nyumba yao pale Kikatiti. Jumatatu alfajiri alikuwa amesimama kando ya baiskeli, kilemba chake cha kazini kichwani, akimsubiri mumewe ampeleke shambani. Ephraimu alitoka na pampu mkononi. Alimtazama mkewe, kisha akainama kujaza upepo gurudumu la nyuma, maana ndivyo alivyofanya kila Jumatatu.

"Leo umechelewa kutoka," Kandida alisema.

"Nilidhani huendi."

"Nisipokwenda mimi ataenda nani, Baba Irine?"

Irine, binti yao wa pekee, alikuwa bado amelala ndani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na akisubiri barua ya chuo cha uuguzi. Shamba la maua la mwekezaji, kule upande wa Tengeru, lilikuwa na utaratibu wake: mfanyakazi akifariki, nafasi yake hushikwa siku tatu ili binti yake aje kuichukua. Watu waliusifu utaratibu huo kwamba una huruma. Kandida hakuusifu. Madhali yeye mwenyewe anafika kazini, nafasi haiko wazi na Irine hana pa kuitwa.

Kilichomuua ni kifua. Kwenye mlango wa banda la nailoni palikuwa na bango lililosema dawa ikishapulizwa mtu asiingie hadi kesho yake. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza na Kiholanzi, na maua yalitakiwa kuwa uwanja wa ndege jioni ileile. Kwa hiyo wanawake waliingia kukata waridi ukungu wa dawa ukiwa bado unaelea.

Asubuhi ile ya Jumatatu Kandida alipanda kwenye keria kama zamani na kumkumbatia mumewe kiunoni. Mikono ilimpita. Ephraimu aliisikia tumboni, baridi kama maji ya mfereji, ikitokea upande wa pili bila kushika kitu. Kwenye tuta la kwanza Kandida akaanguka. Alijikung'uta vumbi, akapanda tena, akashika chuma cha keria, na chuma kikakubali kushikwa. Lakini ilimbidi ajipinde kinyumenyume njia nzima, na walipofika getini alikuwa hoi kabla hajaanza kazi.

Ephraimu alikuwa fundi baiskeli, na kwa fundi jambo lile lilikuwa wazi. Mkewe alihitaji usukani wake mwenyewe.

Jumatano alikwenda mjini Arusha, dukani kwa Ramesh. Ukoo wa Ramesh ulikuwa umeuza vipuri tangu enzi za babu yake, na siku hizi za ruksa ya kuagiza bidhaa nje alileta pia makontena ya baiskeli za mitumba kutoka Ulaya. Moja ilikuwa ya watu wawili, ndefu, ya kijani. Ilikuwa imekaa uani miaka miwili ikichekwa.

"Nani atakaa nyuma?" Ramesh aliuliza.

"Mama Irine."

"Nilisikia amefariki. Pole sana, fundi."

"Nimeshapoa. Siku hizi anashika chuma tu. Mimi mikono yake inanipita."

Ramesh alitafakari. "Basi usukani ndiyo kila kitu. Wa nyuma haukati kona, uko pale kwa kushikilia tu, lakini ukikosea huo mgongo utamsumbua njia nzima. Mkono wake una urefu gani?"

Ephraimu hakujua kwa sentimita. Alisimama mbele ya kaunta, akainua mikono na kuizungushia hewa, akionyesha jinsi mkewe alivyomshika kiuno kwa miaka kumi na tisa. Ramesh alipima hapohapo kwa futi kamba, akaandika. Kisha akamfungia sukani tatu pamoja na ile baiskeli, akamwambia atakazozikataa Mama Irine azirudishe.

Wa kwanza ulikuwa wa mashindano, umepinda kama pembe za kondoo dume. Kandida aliukataa siku ya pili. "Huu unaniinamisha," alisema. "Nainama kutwa nzima kule, niiname na njiani?" Wa pili ulikuwa umenyooka kama mpini wa jembe, nao ukambana viganja palepale alipobanwa na mkasi wa maua. Wa tatu ulikuwa mpana, ncha zake zimerudi kumfuata anayeketi. Ephraimu aliunyanyua kimo cha vidole viwili, akasogeza kiti mbele kidogo, akakaza nati.

"Hapa sawa," Kandida alisema. Mgongo wake ulinyooka. Walipofika mtelemko wa kwanza aliongea tena, kwa sauti ya chini. "Kumbe Mlima Meru unaonekana njia nzima."

Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa keria upande upande, akitazama mtaro wa barabara. Ephraimu alifurahi. Kisha furaha ikamgeukia ikawa uchungu, kwa kuwa angeweza kumtafutia usukani ule wakati mikono yake ilipokuwa bado ya moto.

Watu waliwazoea. Mchungaji Sadoki aliwasimamisha mara moja kuuliza kama ibada ya mazishi ilikuwa na kasoro. Kandida akamwambia hapana, ila nyimbo zilikuwa ndefu. Msimamizi wa shamba, Melkizedeki, alimwekea tiki kwenye daftari la mahudhurio kama kawaida. Kandida alikata waridi vizuri kuliko zamani, na hakukohoa.

Nyumbani hakuingia. Alionekana penye baiskeli tu, alfajiri na jioni, kwa sababu alikuwa amerudi kwa shughuli moja. Irine alijizoesha kuamka mapema na kusimama mlangoni, khanga mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudi ndani, kuna baridi."

Basi, ndiyo hayo tu kwa siku nzima. Jioni vilevile.

Mwezi wa pili tangu mazishi barua ya chuo ilifika. Irine alikuwa amechaguliwa. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Siku mbili baadaye alimfuata baba yake kwenye kibanda chake cha ufundi.

"Baba, shamba limefungua banda la tatu. Nimeshajiandikisha."

Ephraimu aliweka spana chini. "Mama yako anakwenda kule ili wewe usiende."

"Najua, baba. Lakini ndiko aliko."

Ephraimu aliokota tena spana yake. Hata yeye alipiga pedali kilomita zile zote kwa sababu hiyohiyo.

Jumatatu Irine aliketi kiti cha nyuma. Ephraimu alikuja na spana, akapima mkono wa binti kutoka begani hadi kiganjani, akatazama mgongo, akatazama viwiko. Hakulegeza nati hata moja. Kandida hakugomba. Alipanda keria iliyokuwa nyuma ya kiti cha binti yake, akamkumbatia, na mikono yake ikampita Irine ikafika kwenye usukani. Wakaushika pamoja hadi getini.

Melkizedeki aliandika majina mawili.

"Shikamoo, baba," Irine alimwamkia msimamizi. "Nimekuja kuchukua barakoa."

"Marahaba. Barakoa tumeacha kuagiza, binti yangu. Mama yako mwezi wa pili huu anafanya kazi bila barakoa, na huoni alivyo mzima?"

Ephraimu alibaki nje ya uzio, ameshikilia baiskeli. Mlango wa banda la tatu ulikuwa wazi, na ndani wanaume wawili walikuwa wakipuliza dawa, mabomba mgongoni. Irine alikuwa akijifunga kilemba. Kandida alimtangulia haraka, akasimama katikati ya ukungu, akafungua kinywa na kuanza kuvuta pumzi, zile pumzi ambazo yeye hakuzihitaji tena. Alivuta bila kupumzika, akijaribu kuimaliza dawa yote kabla mwanawe hajafika.

Irine aliingia. Wale wanaume wawili walikuwa bado wanapuliza.