Siku Chiriku Alipokatiza Wimbo

Jina la Chiriku alipewa nyumbani, kwa kuwa alianza kuongea kabla hajajua kutambaa vizuri. Mama yake alipofariki, mjomba aliwachukua yeye na kaka yake, akawatafutia ngoma na kipaza sauti, akaanza kuwapeleka kuimba kwenye harusi za watu. Sharti lake lilikuwa moja: wimbo ukianza haukatizwi. Umeme ukizimika, imba kwa mdomo mtupu. Bibi harusi akizirai, imba mpaka azinduke.

Kwa sharti hilo walipanda. Kutoka harusini wakaingia kumbini, kutoka kumbini wakaingia redioni, mpaka Chiriku akawa hawezi kununua nyanya bila kupigwa picha. Mjomba akawa meneja, kaka akabaki nyuma ya ngoma zake. Mashabiki walidhani Chiriku anajiamulia kila kitu. Kumbe hata kiatu hakuvaa kabla mjomba hajakikagua.

Alasiri ile uwanja ulifurika hadi pomoni. Televisheni ilikuwa inarusha tamasha moja kwa moja, na jua lilikuwa bado kali, ndiyo maana Chiriku aliweza kuziona nyuso ambazo kwa kawaida taa humfichia. Katikati ya wimbo wa tatu akamwona mwanamke mmoja amebanwa kwenye uzio, upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa wazi, lakini haimbi. Nyuma yake vichwa viliyumba, wala si kwa kucheza. Vilikwenda vyote kwa pamoja, huku na kule, kama maji kwenye ndoo inayobebwa.

Chiriku alikiziba kipaza sauti kwa mkono, akamsogelea kaka yake. "Kaka, watu wanakosa pumzi pale."

Papo hapo sauti ya mjomba ikaingia kwenye kidude cha sikioni. "Umegeukia nini? Endelea, mwanangu. Tuko hewani."

Chiriku alipiga hesabu haraka. Akipiga kelele, watu watakimbia, na wakikimbia, wa mbele watakanyagwa. Akamwonyesha kaka kiganja, akakishusha taratibu. Kaka alimtazama, akatupa jicho pembeni ya jukwaa aliposimama mjomba, kisha akamtazama tena dada yake. Mtu huyu hajawahi kumkaidi mjomba hata alipoambiwa apige mswaki. Lakini mikono yake ikapunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka likabaki pigo moja zito.

"Jamani," Chiriku alisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. "Walio nyuma kabisa, kule golini, nionyesheni mikono. Haya, nawaona. Kaka akipiga, nyie mnarudi hatua moja. Nyuma waanze. Wa mbele, tulieni kwanza, msisukumane."

Ngoma ikalia. Nyuma wakasogea, wengine wakicheka, wakidhani ni sehemu ya burudani. Ikalia tena. Katikati kukaanza kuonekana nyasi.

Kushoto hakukubadilika kitu. Pale uzio ulipiga kona, na kwenye kona palikuwa na geti lililofungwa kwa kufuli. Chiriku alimwashiria mlinzi alifungue. Mlinzi akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kumwelekea mjomba.

"Nje kuna umati hauna tiketi," mjomba alinguruma sikioni. "Nikifungua, wote wataingia. Imba!"

Yule mwanamke wa kwenye uzio alikuwa ameshafumba macho.

Chiriku akachomoa kile kidude, kikabaki kinaning'inia begani. Akageuka akamkabili mjomba, na maneno yake yakasikika uwanja mzima na katika kila nyumba iliyowasha televisheni.

"Mjomba wangu, shikamoo. Wewe ndiye uliyenilea, na sijawahi kukujibu. Leo nakuomba mbele ya watu wote. Fungua geti."

Mjomba alisimama kama aliyepigwa kofi. Chiriku hakuondoa macho yake kwake, wala hakurudia neno.

Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Akashuka ngazi za jukwaa akikimbia, mtu mzima mwenye kitambi, kiatu kimoja kikamvuka asikiokote. Kufuli ilimsumbua, akajaribu ufunguo mara mbili. Geti lilipofunguka, watu walimwagika nje kama mtama kwenye gunia lililotoboka.

Wengi walitoka wakikohoa. Wengine walibebwa. Hakuna aliyekufa, ila binti mmoja alivunjika mbavu, na yule mwanamke wa kwenye uzio alizinduka baada ya kusukumwa kifua kwa muda mrefu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, mjomba aliingia na kiatu kimoja.

"Umenivua nguo mbele ya nchi nzima."

"Nisamehe kwa kukuita mbele za watu," Chiriku alisema. "Kwa geti, mjomba, sikuombi msamaha."

Kaka akajifanya anakaza ngoma ambayo ilikuwa imeshakazwa. Mjomba akavua shingoni kitambulisho chake cha umeneja, akakilaza juu ya meza ya vipodozi, akatoka.

Wadhamini wakajitoa. Redioni, huyu alimwita Chiriku shujaa, yule akasema hana adabu, amemwanika aliyemlea. Yeye mwenyewe aliona kuna kweli pande zote mbili, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku alipokwenda hospitali kumjulia hali yule binti wa mbavu, alimkuta mjomba ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa. Chiriku akasita mlangoni.

"Huyu mzee haachi kuja," mama wa binti alikuwa anamwambia muuguzi. "Ndiye aliyefungua geti. Kwa hilo, Mungu ambariki."

Kisu kikasimama.

"Mama," mjomba alisema, bila kuinua uso, "mimi ndiye niliyelifunga."

Muuguzi akatazama sakafu. Mama alimvuta shuka binti yake, akamfunika vizuri.

"Nilijua, tulikuona kwenye televisheni," mama alisema. "Sijakusamehe bado. Lakini mtoto ana njaa. Menya."

Mjomba akamenya. Alipotoka, alimkuta Chiriku koridoni. Wakatazamana.

"Unakula wewe?" akamuuliza.

"Nakula, mjomba."

"Mbona umekonda?"

Wakashuka ngazi pamoja, polepole, kila mmoja akimwachia mwenzake upande wenye chuma cha kushikilia.