Timu ya Saa Nane

Timu yetu haikujua kucheza kukiwa kukavu. Nasema bila aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa kocha, na sababu naijua kwa jina: Mama Phelis.

Mama Phelis alikuwa mpishi mkuu wa chuo chetu cha ufundi, kule juu ya Kapsoit ambako mashamba ya chai yanakutana na msitu. Uwanja wa mpira wa kikapu ulikuwa ndio saruji pekee ya maana chuoni, basi kila asubuhi alianika hapo mahindi na maharagwe ya wanafunzi mia tatu. Mchezaji akikanyaga punje moja, mwiko uliruka. Lakini saa nane mchana, karibu kila siku aliyoumba Mungu, mvua ilishuka kutoka msituni. Mama Phelis alipiga kelele, "Mahindi!" nasi sote tulikimbia na magunia kuanua. Yakishaingia stoo, uwanja ulikuwa wetu. Tulifanya mazoezi kuanzia saa nane hadi saa kumi, siku tano kwa wiki, tumelowa kama vitambaa vya kupigia deki.

Mwaka huo wa 1994 nilikuwa mwaka wa pili, diploma ya uhazili. Mwalimu wa michezo alihamishwa Januari, na hakuna aliyejua sheria za mchezo isipokuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepiga chapa kitabu chake kizima mara mbili: mara ya kwanza na makosa, mara ya pili bila. Mkuu wa chuo, Bwana Kipkemoi, aliniita ofisini.

"Janeffer, wewe msichana utawaambia nini wanaume wa futi sita?"

"Nitawaambia sheria, Mwalimu. Futi wanazo tayari."

Alicheka kabla hajajizuia. Kisha akaweka sharti. "Shika filimbi. Ukileta kombe la kanda, wewe ndiye utawapeleka Nairobi kwa mashindano ya taifa. Usipolileta, filimbi nampa Bwana Sigilai."

Bwana Sigilai alifundisha kilimo. Tangu siku hiyo kila aliponipita aliitazama shingo yangu, mahali filimbi iliponing'inia, kama mtu anayemtazama mtamba sokoni.

Mimi sikuwa nimewahi kufika Nairobi. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Kipkelion, kwenye harusi. Nilitaka kuingia kwenye uwanja wenye paa na taa, mtu aulize, "Kocha wenu yuko wapi?" nami niseme, "Unazungumza naye."

Wiki ya kwanza vijana walianguka sana hata nikaacha kuhesabu. Ojwang, kapteni wetu, ndiye aliyepata dawa. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Familia ilitoka ziwani, lakini yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, na Kikipsigis chake kilikuwa kitamu kuliko changu.

"Kocha, umeona mama zetu wakitoka kuchuma chai?" akaniuliza. "Mlima ule, matope yale, kikapu kimejaa mgongoni. Mbona hawaanguki?"

"Wamevaa akala, viatu vya tairi."

"Basi?"

Jumamosi tulipeleka raba zetu zote kwa fundi wa viatu Kapsoit, akazipigilia soli za tairi la lori. Kila kiatu kilikuwa na uzito wa tofali, na kumi vikikimbia pamoja ungedhani ng'ombe wanavuka daraja la mbao. Lakini kwenye maji vilishika saruji kama kupe.

Kwenye ukavu ilikuwa balaa. Mechi ya kwanza, ugenini, jua likiwaka, tulifungwa 51 kwa 20. Uwanja mzima uliimba, "Trekta! Trekta!" Jamaa mmoja akamwita Kiplimo, mrefu wetu, mwana wa wafugaji wa Chebunyo ambaye kwa kawaida husema maneno kumi kwa siku.

"Wewe namba saba! Weka gia ya nne!"

Kiplimo akasimama katikati ya mchezo, akamgeukia kwa heshima zote. "Imevunjika, mzee. Nina ya pili na ya kurudi nyuma."

Watu wakaanguka kwa kicheko, na sisi tukapigwa vikapu viwili vingine hapo hapo.

Mechi ya pili tulicheza nyumbani, mvuani. Tulishinda 44 kwa 12. Kufikia Juni mambo yalikuwa wazi hata kwa mtoto wa nasari: mechi tano za mvua, ushindi mara tano, mechi tatu za jua, vilio vitatu. Tukaingia fainali kwa kukwaruza, na kura ikaanguka kwetu: fainali ichezwe kwenye saruji ya Mama Phelis.

Wapinzani walikuwa chuo kimoja cha kando ya ziwa, mabingwa miaka mitatu mfululizo. Walifanyia mazoezi chini ya paa. Barua ya kamati ilisema mchezo utaanza saa sita mchana.

"Saa sita!" Ojwang alishika kichwa. "Saa saba na nusu tutakuwa tumeshazikwa. Mvua itakuja kutukuta matangani."

Niliwaketisha wote kwenye ukumbi wa kulia chakula.

"Wageni wakifika kwenu nyumbani, mnaanza kwa kuwapiga?"

"La," alisema Kiplimo. "Tunawapa chai."

"Baada ya chai?"

"Mursik."

"Baada ya maziwa?"

"Salamu. Kila mkubwa asalimie watu." Alianza kutabasamu. Sikuwahi kujua ana meno mengi hivyo.

"Na kabla ya jambo lolote kuanza?"

"Maombi!"

"Nani anaomba?"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa jina la mtu asiyejua kuomba kwa ufupi: "Mchungaji Johana!"

Sikumdanganya mtu. Nilimwandikia Bwana Kipkemoi ratiba ya mapokezi, akaisoma, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: "Hotuba ya Mkuu wa Chuo."

Wageni walifika saa tano na nusu kwa basi la chuo chao, wamevaa viatu vyeupe pee. Kapteni wao, Oketch, alikuwa mrefu kama mlingoti na mcheshi kupita kiasi. Alimwona Ojwang akapiga mbinja.

"Omera! Hizi viatu zako zina leseni?"

"Na bima pia. Zako je? Zimetoka kwa maharusi?"

"Leo utajua."

"Kunywa chai kwanza."

Walikunywa chai. Kisha Mama Phelis akatokea na vibuyu vya mursik, maziwa mazito ya kijivu yenye harufu ya mkaa, akawajazia vikombe vya nusu lita. Oketch alichungulia ndani.

"Ukikataa," Ojwang alimnong'oneza kwa uso wa msiba, "yule mama atafikiri unamdharau."

Oketch akanywa. Mama Phelis akafurahi, akamjazia tena. Akanywa. Akafurahi zaidi, akamjazia cha tatu.

Saa sita ilipita tukiwa kwenye salamu. Bwana Kipkemoi alisimama kusema maneno mawili, akatueleza historia ya chuo tangu kuchimbwa kwa vyoo vya kwanza, dakika thelathini na tano. Mwalimu wa wageni alitazama saa yake mpaka nikaionea huruma. Kisha Mchungaji Johana akavua kofia. Aliombea majani ya chai, ng'ombe wenye mimba, madereva wa kona za Londiani, waliotengeneza mpira na waliotengeneza pete ya kuuingiza. Nani angemkatiza mtumishi wa Mungu? Wageni wenyewe waliitikia "Amina" kwa sauti nzuri kabisa, maana na wao ni watoto wa kanisa.

Mchezo ulianza saa saba na dakika ishirini. Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa ya samawati tupu, hata wingu la kudanganyia hakuna.

Sitawapa hadithi ndefu ya kipindi cha kwanza. Viatu vyeupe viliruka, trekta zikanguruma nyuma yake. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma 26 kwa 9. Bwana Sigilai alikuja akasimama kando yangu, akaishika kamba ya filimbi kwa vidole viwili.

"Hii kamba," akasema kwa upole, "unadhani itanitosha au niirefushe?"

Niliiona Nairobi ikifungasha virago vyake na kuniacha.

Kipindi cha pili kilikuwa na dakika mbili tu wakati tone moja liliponipiga puani. La pili likapiga daftari la alama. Kutoka jikoni, Mama Phelis, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, akapaza sauti:

"Mahindi!"

Wanafunzi mia tatu walisimama wakatimua mbio kutafuta magunia. Siku hiyo hakukuwa na punje hata moja nje. Uwanja ulikuwa umefagiwa tangu alfajiri. Lakini miguu haikuuliza. Kiplimo, ambaye alikuwa na mpira mkononi, aliuweka chini taratibu akakimbia hatua nne kuelekea stoo kabla Ojwang hajamkamata fulana.

"Wee! Fainali!"

"Aa. Pole."

Wageni waliduwaa. Kisha mvua ikaja yenyewe, ukuta mweupe kutoka msituni, na refa akawaita makapteni. Kanuni za kamati ziliruhusu mchezo usimamishwe hadi kesho yake ikiwa kapteni yeyote angetaka. Kesho, saa sita, jua lingetumaliza. Oketch alitazama ubao wa alama, akatazama viatu vya Ojwang, akacheka.

"Tunacheza, refa. Sisi watu wa ziwa tutaogopa maji?"

Ningembusu.

Kilichofuata sijawahi kukiona tena. Viatu vyeupe viligeuka sabuni. Mchezaji wao aliyekuwa akikimbia kwenda kulia alifika kushoto. Wawili walikumbatiana katikati ya uwanja, si kwa upendo ila kwa kutafuta cha kushika. Na yale maziwa! Kila walipojaribu kuruka, nusu lita zile zilikataa. Trekta zetu zilitembea tu, tu, tu, kwa adabu, kila moja na gia yake ya pili: 26 kwa 15, 30 kwa 24. Wanafunzi walikuwa wamejifunika magunia yale yale waliyokimbilia, wakiruka na kuimba. Mchungaji Johana alikuwa amepanda juu ya benchi. Oketch aliteleza kutoka mstari wa katikati, akapita chini ya pete, akaja kusimama kwa makalio mbele ya meza yangu.

"Habari ya mchana, kocha," akasema.

"Njema. Karibu sana."

"Asante. Nimekaribia."

Zilibaki sekunde nane, wao 38, sisi 37. Ojwang akampenya mtu mmoja, akampa Kiplimo chini ya pete. Kiplimo alirusha kama anavyorusha siku zote, kama mtu anayetupa gunia kwenye lori. Mpira ukagonga ubao, ukapanda juu ya pete, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatema maji, ukakaa. Nasema ulikaa! Halafu ukaona haya ukaanguka ndani.

Nilipuliza filimbi ingawa haikuwa kazi yangu. Niliipuliza mpaka masikio yakaziba. Vijana waliniinua juu, wakaniangusha, wakaniinua tena. Mama Phelis alicheza na mwiko. Oketch, tope mpaka nyusi, alimshika Ojwang mabegani akisema, "Nipe hizo viatu nijaribu, ndugu yangu, nipe tu nijaribu."

Aliyekuwa hacheki ni mwalimu wao.

Jumatatu niliitwa ofisini. Kombe lilikuwa mezani, Bwana Sigilai kwenye kiti cha pembeni, na kati yao karatasi.

"Kombe linabaki," alisema Bwana Kipkemoi. "Wale wageni hawalitaki. Wanachotaka ni barua ya kuomba msamaha kwa kuchelewesha mchezo, na sahihi ya kocha. Ukiweka sahihi, Nairobi ni wewe. Ukikataa, ni Bwana Sigilai." Alinitazama. "Uliwachelewesha kusudi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unakubali hivi hivi?"

"Nakubali. Kapteni wao aliulizwa mvuani, akasema wacheze. Na kabla ya hapo niliwapa chai, maziwa, salamu na maombi. Niombe msamaha wa kipi kati ya hivyo? Na hotuba iliyokula muda kuliko vyote, Mwalimu, haikuwa yangu."

Bwana Sigilai alikohoa. Bwana Kipkemoi aliangalia dari, na niliona mabega yake yakitikisika kidogo.

"Janeffer," akasema alipojituliza, "ni mistari miwili. Sahihi tu. Wiki ijayo uko Nairobi."

Akanisukumia kalamu. Nje, vijana walikuwa wamejipanga chini ya dirisha, na kichwa cha Kiplimo kilionekana juu ya kizingiti. Niliitaka Nairobi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliitaka na taa zake zote.

Nikaivua filimbi, nikaiweka juu ya karatasi yao.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Siombi msamaha."