Maneno ya Shangazi Ruthu

Optatus tulisoma naye chuo, tukala wali maharage sahani moja kila bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilipochelewa, kwa hiyo msinishangae nilivyomwamini. Alipofungua kampuni yake ya mafuta ya alizeti hapa Makole, aliniita nimwandikie tovuti. Nikampa sharti ninalompa kila mteja: nikiandika maneno ya mtu, namsomea mwenyewe kabla hayajatoka, na akishakubali hakuna wa kuyagusa. Akacheka, akasema nina masharti kama mganga. Lakini aliahidi.

Nikamwambia pia sitaki sifa za hewani. Mafuta bora kuliko yote duniani, nani kayapima? Tutafute mtu wa kweli, anayeaminika. Mtu mwenyewe alikuwa shangazi yangu Ruthu, anayelima alizeti kijijini Haneti na kumuuzia Optatus mbegu. Kule shangazi akisema jambo, watu hawaulizi mara mbili. Mwanzoni alikataa kabisa, akasema jina lake si la kubandikwa kwenye chupa. Nikambembeleza. Nikamwambia anayeandika ni mimi, Debora wake, si mgeni. Ndipo akasema mafuta hayo hayana harufu na ndiyo anayoungia mboga nyumbani. Nikaandika hivyohivyo, nikampiga picha, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo nilipata kazi ya jarida la ofisi moja Mtumba, sikurudi kuutazama ule ukurasa. Nirudi kufanya nini, nami nimemwachia rafiki?

Siku moja shangazi akanipigia simu. Hakufoka. Alisema tu kwamba Tereza, jirani yake wa miaka yote, kapigwa kiharusi. Tereza ana presha. Binti yake alikuwa kaona kwenye simu, katika tovuti ile, picha ya shangazi, na chini yake maneno haya: "Nilikuwa na presha. Nakunywa vijiko viwili vya mafuta haya kila asubuhi, vidonge nimeviacha." Shangazi wakati huo alikuwa Kondoa kwa mwanawe, hakuwepo wa kuulizwa. Na kwa nini aulizwe, wakati sura ni yake na jina ni lake? Tereza naye akaacha vidonge.

Jamani, shangazi yangu hajaugua presha hata siku moja.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Optatus. Nilitegemea atakana, angalau aone haya. Wapi! Alinivutia kiti, akasema maandishi yangu yalikuwa mazuri ila hayauzi. Nilipomwambia habari za Tereza alivuta kompyuta, akafuta yale maneno mbele yangu kama mtu anayepangusa meza. Kisha akaniambia yameisha.

"Uliniahidi," nikasema. "Kwa nini umsingizie shangazi yangu?"

"Kwa sababu anaaminika," akajibu. "Si wewe uliyeniambia tutafute mtu anayeaminika?"

Maneno hayo yalikuwa yangu kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na huyu nguoni nilimwingiza mwenyewe. Nikatoka bila kumuaga.

Kesho yake nikaenda Haneti. Nilimkuta shangazi kwa Tereza, anamlisha uji kidogokidogo, na anaufuta ule unaochuruzika upande wa mdomo uliopinda. Nikampa pole Tereza, akanitazama tu. Nikainama kwa shangazi, nikasema shikamoo. Akachovya kijiko kwenye uji. Nikaanza kueleza harakaharaka, kwamba si mimi, ni Optatus, kanigeuka, yale niliyomsomea ndiyo niliyoandika, na haya mengine yameshafutwa.

Shangazi akasubiri mpaka nikamaliza yote.

"Optatus nilimuuzia mbegu tu," akasema. "Jina langu nilikupa wewe."

Akachota uji, akaupuliza, akamgeukia Tereza. Shikamoo yangu hajaiitikia mpaka leo.