Sifa za Admirali

...na sasa mshereheshaji anasema "mtoto wa bahari," mtoto wa bahari mimi, niliyetapika mwaka mzima wa kwanza melini mpaka wenzangu wakaniita Ndoo, lakini Ndoo hayumo kwenye wasifu, wasifu wa kunistaafisha umepigwa pasi kama haya magwanda meupe yanayonikaba shingo, mke wangu ananifinya chini ya meza, "Baba watoto, uso huo utaukunja nyumbani, kamera zinakuona," haya, nimeukunjua, na huyu pembeni yangu, mkuu wangu wa zamani, anatafuna karanga mdomo wazi, chumvi imemganda kwenye masharubu, ananiinamia na manukato yake yote, "Umefika mbali, kijana wangu," kijana wako, mimi mwenye wajukuu, natamani kukohoa, natamani kutema... "Kivuko kilipopinduka," anasoma mshereheshaji, "ndipo kwa amri ya mkuu wetu wa wakati ule, meli ya doria ikageuza kwenda kuokoa," kwa amri ya nani? makofi, ukumbi mzima makofi, na mzee anainuka kidogo kuwapungia, haki ya Mungu anawapungia, mimi nahodha wa meli ile, redio ilikuwa sikioni mwangu, "Rudi gatini, wageni wa heshima wanapanda mchana huu," nikasema mkuu, watu wanazama, akasema, "Kwani ni ndugu zako?" nikaizima redio, nikageuza meli, na mzamiaji wetu, tuliyemwita Chura, alikuwa ameshaanza kuvua buti, akaingia ndani ya kivuko kilichoelea tumbo juu, akatoa mwanamke, akatoa mtoto, akarudi, midomo imekuwa ya kijivu, nikamwambia Chura, inatosha, akasema, "Afande, kuna mtu anagonga huko ndani," akazama tena, sote tumeinama tunasikiliza, ngo, ngo, halafu kimya, na Chura hakutoka... mimi nikatupwa ghalani kulinda kamba na makopo ya rangi, utovu wa nidhamu, huku mzee akipigwa picha kwenye meli yangu, ameshika boya jipya ambalo halijawahi kulowa, na mpaka alipostaafu yeye ndipo nilipokumbukwa, nikapanda, nikapanda, cheo juu ya cheo, na kila cheo kilikuwa na harufu ya mzee huyu, "Mgeni rasmi, mabibi na mabwana," na mjane wa Chura yuko kule nyuma kabisa, mlango wa jikoni, sinia zinampita juu ya kichwa, asubuhi nilimwambia ofisa wa itifaki mlete mbele yule dada, akacheka kwa adabu, "Afande, mbele ni kwa wafadhili," wafadhili, wale wenye vitambi wanaofuta midomo kwa kitambaa cha meza, Mungu wangu, na mimi nikasema moyoni ni siku moja tu, ipite, mke wangu kashona nguo, watoto wamesafiri, ipite, "Ipite, baba watoto," ananong'ona, ananijua huyu mama, ameushika mkono wangu, "nakuomba," na mimi miaka yote nilidhani hili linalonikwama kooni ni hasira, kumbe si hasira, hasira ukilala inapoa, hiki ni kinyaa, na kinyaa hakimezeki, kinatoka tu, na hotuba iliyo mfukoni inaanza "namshukuru mkuu aliyenilea," niliiandika kwa mkono wangu, astaghfirullah, basi ikae humohumo mfukoni, nitamwomba kwanza yule dada wa mlangoni asimame, wageuke wote na vitambi vyao wamtazame, nitawaambia mume wake alisikia nini chini ya maji na alisema nini, kisha nitaanzia kwenye redio, neno kwa neno, kwa sauti ileile, mwenyewe akiwa hapahapa, "Samahani mama," namwambia mke wangu, ananitazama, anauachia mkono wangu polepole, anauweka mtandio wake sawa, "Basi sema kwa sauti," anasema, "kule nyuma hawasikii vizuri," na mshereheshaji anafungua ukurasa mwingine, bado hajaniita...