Mfuniko wa Dereva

Katika karakana ya mzee Panas kulikuwa na sheria moja isiyokuwa na msamaha: kila kipande kipya kilichotengenezwa kuziba pengo la kipande kilichopotea sharti kigongwe alama, nukta ndani ya duara, upande usioonekana. Rangi iliweza kudanganya, kutu ya kubandika iliweza kudanganya, lakini alama haikuruhusiwa kudanganya. Watakaokuja baada yetu, alikuwa akisema mzee huyo, wana haki ya kujua kipi ni cha kweli na kipi ni chetu.

Nyingi za alama hizo aliyezigonga ni Yaryna. Kifaru chao, cha vita vya babu zao, kilivutwa kutoka kinamasini kikiwa ganda tupu lililojaa matope, na kwa miaka kadhaa kikundi kidogo cha wapenzi wa vyuma kilikifufua katika karakana hiyo, iliyokuwa kituo cha zamani cha matrekta nje ya mji. Yaryna alikereza pini za minyororo, akakunja vishikio, akachomelea sakafu iliyoliwa na kutu hata mlango mdogo wa dharura uliokuwa chini ya tumbo ukazibwa kabisa. Lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa mfuniko wa dereva. Ule wa asili, bamba nene lililofunika tundu lililo mbele kabisa ya uso wa dereva, haukuonekana tena. Akaunda mwingine kwa bati, sanduku tupu ndani, akaukwaruza na kuupaka hadi ukafanana na chuma cha kusubu, na wageni wakawa wanaupigapiga kwa viganja wakisifu uimara wake.

Aliufanya mwepesi kwa makusudi. Dereva alikuwa Ostap, mumewe, ambaye bega lake la kulia liliwahi kubanwa na trekta na halikurudi kuwa bega. Asingeweza kuinua mfuniko wa kweli bila springi ya kuusaidia, na springi hiyo nayo ilikuwa imepotelea kinamasini.

"Mke wangu kanipikia mlango wa biskuti," Ostap alikuwa akiwaambia watu siku za maonyesho, huku akiuinua kwa vidole viwili.

Kisha vita vikaja, vya kwao wenyewe safari hii. Habari zilipofika kwamba msafara wa Warusi ulikuwa ukishuka kwa barabara ya msituni kuelekea mtoni, wakubwa wa mji walikutana katika jiko la shule. Daraja lilikuwa jembamba, na hakuna aliyekuwa na baruti ya kulivunja. Wakakubaliana kwamba kifaru cha mzee Panas kipelekwe kikalazwe katikati ya daraja. Mzinga wake haukuweza kufyatua chochote, lakini uzito wake ulikuwa wa kweli. Tumbo lake lingejazwa mifuko ya mchanga na vipande vya reli ili kisivutike kwa urahisi. Ostap angekifikisha, azime injini, atoke kwa mfuniko wa mbele, njia pekee ambayo mifuko haingeiziba, na kukimbilia ukingoni mwa mto.

Yaryna alimfuata mumewe hadi penye lundo la mifuko.

"Ule ni bati, Ostap. Risasi ya bunduki tu itapita kama kwenye karatasi."

"Nauinua kila mwaka, sijui kama ni bati? Kabla hawajafika nitakuwa nimeshatoka."

"Na wakikukuta ndani?"

"Wakinikuta ndani, nitataka kutoka. Sikia, fundi mkuu, usiuongezee uzito. Bega langu unalijua. Bora nitobolewe kuliko kufungiwa kama nyanya za mama yako kwenye chupa. Zile mpaka leo hatujazifungua."

Yaryna alicheka, akaitikia kwa kichwa. Ostap akarudi kubeba mifuko kwa bega la kushoto.

Ukutani mwa karakana lilikuwa limeegemezwa bamba la kusukumia theluji la lori la mji, chuma kigumu kilicholetwa kutengenezwa. Yaryna alilitazama. Hofu yake ilikuwa na picha moja tu: tundu katika bati, na nyuma ya tundu uso anaoujua. Kila alipojaribu kumwona akiwa hai ndani ya kifaru, akisukuma kitu kisichosogea, picha ile ya kwanza ilirudi na kuifunika hii ya pili. Akavaa miwani, akawasha gesi, akaanza kulikata lile bamba.

Aliondoa bati lote, akachomelea chuma juu ya chuma. Kwa ajili ya springi alichukua ile ya kiti cha trekta bovu, akaifunga kwenye bawaba. Mfuniko ulipoinuliwa mara ya kwanza, springi ikakatika. Mzee Panas alimkuta akitafuta nyingine katika sanduku la takataka.

"Ostap anajua?" aliuliza.

"Atajua akikaa."

Mzee aliushika mfuniko upande wa pili, ukiwa bado bila springi, ili Yaryna apate kuutia kwenye pini zake. Alipouliza kuhusu alama, Yaryna alimjibu kwamba wataigonga kifaru kitakaporudi.

Ostap alipoingia na kuuvuta, mfuniko ulishuka kwa kishindo ambacho haukuwahi kuwa nacho. Kisha ukainuka taratibu, kiasi cha kupitisha kiganja, ukatetemeka, ukaanguka. Uliinuka tena. Katika ule mwanya Yaryna aliyaona macho ya mumewe.

"Biskuti umeitia mawe," Ostap alisema.

"Sukuma kwa mikono yote miwili. Miguu pia. Ostap, nipe muda kidogo niurudishe ulivyokuwa—"

Lakini mingurumo ilikuwa imeshaanza kusikika ng'ambo ya msitu, na watu waliosimama mlangoni walikuwa wakimpungia mkono aende. Ostap alimtazama kidogo zaidi. Hakumgombeza. Alimwambia asogeze mguu usije ukakanyagwa na minyororo, kisha akawasha injini.

Kifaru kilifika darajani na kulala pale kilipotakiwa kulala. Msafara ulisimama, ukapiga, ukapiga tena, na mwishowe ukageuka kutafuta njia nyingine. Siku ile mji haukuingiwa. Moshi mweusi ulipanda kutoka nyuma ya kifaru, palipo na injini, na ilipofika kesho yake ndipo watu walipoweza kukikaribia.

Mzee Panas na wanaume wengine wawili waliufungua mfuniko kwa mtaimbo. Ostap alikuwa ameketi mahali pake, bila jeraha, masizi puani na mdomoni. Alikuwa amefunga mkanda wa suruali kwenye kishikio cha mfuniko na kujizungushia ncha yake kwenye kiganja cha kushoto, kana kwamba alijaribu kuuinua kwa mkono ule mzima.

Nje ya mfuniko, usawa wa uso wake, kulikuwa na mabonyeo ya risasi. Hakuna hata moja iliyopita. Majirani walimshika Yaryna mikono wakimwonyesha mabonyeo hayo, wakimwambia kwamba chuma chake kilimkinga mumewe. Walisema kweli. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu, risasi zile zilipiga kabla ya moshi au baada yake. Kama ni kabla, bati lingemuua. Kama ni baada, bati lingemwachia atoke. Alipiga magoti akachungulia kila bonyeo, akitafuta kama masizi yalikuwa chini ya mkwaruzo au juu yake. Theluji iliyoanguka usiku ilikuwa imeyeyuka juu ya chuma chenye joto na kukiosha chote.

Baada ya maziko, kifaru kilivutwa kando ya daraja. Yaryna alikuja na nyundo na muhuri wa chuma. Mzee Panas, aliyemfuata nyuma, aliona alichobeba.

"Huu usiugonge, binti yangu," alisema. "Umepigwa vitani. Si wa kuigiza tena. Huu sasa ni wa kweli."

"Ni wangu, mzee."

"Sheria niliiweka mimi. Nakuondolea."

Yaryna aliusimika mfuniko kwa gogo ukae wazi, akaingiza mkono upande wa ndani, akapatafuta mahali penye kishikio ambapo mkanda ulikuwa umesugua rangi ikatoka. Akaweka muhuri hapo. Chuma cha lile bamba la theluji kilikuwa kigumu kuliko chochote alichowahi kukigonga. Pigo la kwanza liliteleza, la pili likaacha ukwaruzo tu. Mzee Panas alivua kofia, akalishika gogo lisisogee. Yaryna akaendelea kugonga.