Katikati ya Visanduku Viwili

Moelagi alikuwa ameandika na kuchora vibonzo kwa miaka kumi na miwili, na watoto wa kisiwa kizima cha Savai'i walimjua shujaa wake, Mfalme wa Mawe ya Moto, kuliko walivyowajua babu zao. Basi akajiona fundi. Akaandika filamu, akasema ataiongoza mwenyewe, na nafasi ya mfalme akampa baba yake mkubwa, Tuiloma, chifu wa kijiji, mzee mwenye sauti ya kunyamazisha nguruwe.

Akapiga picha kama alivyozoea kuchora. Mfalme ameketi, kata. Mfalme amesimama, fimbo juu, kata. Hapo kati hakupiga kitu, maana kwenye vibonzo kinachotokea katikati ya visanduku viwili vya picha ni kazi ya msomaji kukiwazia.

Jumatatu Hemi, mhariri wake aliyeko Auckland, akapiga simu. Alimweleza taratibu, kama mtu anayepeleka habari ya msiba, kwamba filamu haina mwisho. Mfalme aliyelala miaka mia anaamka kuokoa watu wake, ndiyo hadithi yote hiyo, na hakuna mahali popote anapoinuka.

"Mara ameketi, mara amesimama," Hemi alisema. "Watu watadhani mtambo umeharibika, dada. Mimi nataka ainuke tu."

Jambo dogo hilo. Ila wiki tatu nyuma Tuiloma alikuwa amepigwa na kiharusi, na mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Tena kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima, inarudi na feri ya kesho yake asubuhi. Moelagi hakula siku hiyo. Alilia, akanawa uso, kisha akaenda kumwomba mgonjwa jambo ambalo mtu mwenye haya asingeliomba.

Fetuao, mke wa mzee, alimkatiza kabla hajamaliza. "Akianguka je? Utachora mwingine?"

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaagiza aletewe vazi lake la ufalme.

Wakamkalisha juu ya mawe meusi nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa linashuka na baragumu la sala lilikuwa karibu kulia. Kijijini pale likilia, kila mtu huketi papo hapo alipo, na anayeonekana amesimama hutozwa nguruwe. Sheria hiyo Tuiloma aliishikilia kwa miaka thelathini. Aliwahi kumtoza hata shemeji yake aliyekuwa akikimbilia chooni.

Mara ya kwanza alijiinua kidogo akarudi chini. Mara ya pili hakufika popote. Moelagi alikuwa amepiga magoti, kamera mikononi, machozi yakimtoka, akausikia mdomo wake ukisema, "Mara moja tu, baba. Nakuomba."

Baragumu likalia. Fetuao akaketi. Vijana wa zamu barabarani, wanaoilinda sheria hiyo, wakageuka kutazama. Moelagi akajua ndiyo basi tena, maana baba mkubwa hawezi kuivunja sheria yake mbele ya vijana wake.

Tuiloma akakita fimbo, akaanza kuinuka. Goti lilimtetemeka. Mgongo ukanyooka kidogo kidogo, jasho likimtiririka, na vijana wale wakainamisha macho wasione. Akasimama. Kisha fimbo ikateleza, naye akanyoosha mkono kumwelekea Moelagi. Haukuwa mkono wa mfalme. Ulikuwa mkono wa mzee anayetaka kushikwa, na kati yao zilikuwa hatua mbili tu.

Mikono yote miwili ya Moelagi ilikuwa kwenye kamera.

Fetuao ndiye aliyekimbia, sala au si sala. Akakipakata kichwa cha mumewe pale maweni, damu ikimchuruzika mzee kwenye nyusi, wala hakumtazama Moelagi.

"Umepata?" mzee akauliza kutoka chini.

"Nimepata, baba," alisema Moelagi, na bado alikuwa hajaishusha kamera.