Joka la Darini na Watoto wa Mapajani

Ukitengeneza filamu ya mapigano ikaanguka, watu wanakupa pole. Ukitengeneza filamu ya watoto ikaanguka, wanakuambia, "Ah, si ya watoto tu lakini," kama vile kilichoanguka ni kijiko. Mama Joka alikuwa amesikia maneno hayo hata akaacha kuyajibu. Alikuwa mtengeneza filamu, mwanamke wa makamo, na jina hilo alibandikwa na mtaa kwa sababu ya filamu yake moja kubwa, habari ya joka linaloishi darini mwa nyumba na kulea watoto wazazi wakiwa kazini. Mwanzoni jina lilikuwa la sifa. Filamu ilipoondolewa kwenye majumba ya sinema kabla hata mabango hayajakauka gundi, jina likageuka la kejeli. Sasa hata kejeli ilikuwa imewachosha wenyewe, limebaki jina tu.

Asubuhi hiyo alikuwa anamfunga mumewe vifungo vya shati. Mumewe, ambaye kila aliyefanya naye kazi alimwita Fundi, ndiye aliyelijenga lile joka kwa sponji, waya na kitambaa. Tena si kulijenga tu. Siku zote za kupiga picha alijikunja chini yake, mikono ndani ya kichwa, akilichezesha midomo, macho na shingo mpaka wapiga picha wakawa wanalisalimia joka na kumsahau yeye. Mikono hiyo sasa ilikuwa inatetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake na hakuupaka sukari: haurudi nyuma. Mwaka huu Fundi bado angeweza kushika mkasi na kuingiza mikono ndani ya kichwa cha joka. Mwakani wasijidanganye.

Ndiyo maana Mama Joka alikuwa anajiandaa kwenda kuonana na Meneja wa kampuni ya usambazaji, ile iliyopeleka filamu yake kwenye majumba na baadaye ikaitoa kwa diski za kutazama nyumbani. Alitaka sehemu ya pili, na aliitaka mwaka huu. Sifa alishazinawa. Alitaka Fundi atengeneze joka moja zaidi wakati mikono ingali inamsikiliza, basi, hakuna kingine.

"Utawaambia nini wale?" Fundi akauliza.

"Nitawaambia ukweli."

"Ukweli ni kwamba nililiharibu mimi. Joka lilikuwa linatetemeka kila mahali. Watu si vipofu."

"Mume wangu, usianze. Nyoosha mkono."

Akanyoosha mkono, akafungwa kifungo cha mwisho. Huo ndio ulikuwa wimbo wake tangu filamu ianguke. Wakati ule wa kupiga picha hakuna aliyejua kuwa ni ugonjwa. Walidhani ni uchovu, kwa kuwa kichwa cha joka kilikuwa kizito. Joka likatokea kwenye filamu nzima likiwa na katetemeko fulani ka shingo na taya, na Fundi alipojua sababu, akajibebesha hasara yote yeye. Kumbembeleza mtu wa namna hiyo kila siku kunachosha, tena kunachosha zaidi ukimpenda. Mama Joka alikuwa amechoka taabani.

Kilichompa nguvu ya kwenda kwa Meneja ni saloni. Wiki iliyopita alikwenda kusukwa, akakuta msusi ameweka Joka la Darini kwenye televisheni ya ukutani ili watoto wa wateja watulie. Diski yenyewe ilikuwa imechunika hata picha ilikuwa inakwama. Chini ya meza ya mafuta watoto walikuwa wamelala kifudifudi, shingo nje, wakitetemesha taya na kusema maneno ya joka kabla joka halijayasema. Akamuuliza msusi alikoinunua. Msusi akasema hakuinunua, aliazima kwa wifi yake, ambaye naye aliazima shuleni kwa mwalimu wa chekechea.

"Hii haitoki hapa," msusi akasema huku akimvuta nywele. "Nikiizima naliliwa na saloni nzima. Juzi nimeweka katuni nyingine, wakanigomea."

Mama Joka hakusema kuwa ni yake. Alikaa akavutwa nywele, machozi yakamlenga, msusi akadhani anaumia.

Ofisi ya Meneja ilikuwa na kiyoyozi kinachopiga kelele na viti vya wageni vilivyo chini kuliko kiti chake. Meneja alikuwa kijana wa haiba, wa umri wa kitinda mimba wao, na alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, tunasukuma siku." Akageuza kompyuta ili wote waone. "Nimeisoma barua yako. Ila mama, nisikufiche. Kwenye majumba filamu ile ilitutia aibu. Tiketi haziongopi."

"Zinaongopa," Mama Joka akasema.

Meneja akatabasamu lile tabasamu la kumvumilia mkubwa. Mama Joka akaliona, akalipita. Hakuwa na nguvu ya kukasirika, na pengine hilo ndilo lililomsaidia, maana safari ya kwanza alikasirika akaharibu. Jioni ya mwisho ya filamu alikuwa amejificha viti vya nyuma, akaona jumba limefurika, hakuna hata pa kutia mguu. Kesho yake akasoma hesabu inayosema jumba lilikuwa nusu tupu. Akamwendea mwenye jumba mlangoni, akamwita mwizi mbele ya wateja. Yule bwana alimwonyesha vishina vya tiketi kwa hasira, na vishina vilikuwa sawasawa. Ilimbidi arudi kuomba radhi, na kuomba radhi kwa kitu usichokielewa ni adhabu mbili.

"Ulishawahi kupeleka watoto sinema, mwanangu?" akauliza.

"Sijajaliwa bado."

"Basi nikueleze. Pale mlangoni kuna mstari mwekundu. Mtoto akisimama akawa chini ya mstari, hakatiwi tiketi, mradi apakatwe. Ni utaratibu wenu wenyewe, mko nao majumba yote. Sasa shangazi mtu anakuja na watoto wa nyumba nzima, wazazi wako kazini. Mmoja paja hili, mwingine paja lile, wa tatu kasimama katikati ya magoti. Anakata tiketi ngapi?"

Meneja akahesabu kwa vidole. "Moja."

"Filamu ya mapigano ina watu wa mapajani?"

"Haina."

"Haya. Na nyinyi mkaiweka mizani moja na filamu ya mapigano, mkaona yangu nyepesi, mkaitupa nje."

Meneja alijiegemeza kwenye kiti, akajipangusa uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amerithi hesabu za mtu mwingine, na mtu hukasirika zaidi kukosea kwa niaba ya mwenzake.

"Kwa hiyo tulihesabu mashangazi," akasema.

"Mlihesabu mashangazi."

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka pia. Kisha akabonyeza kompyuta, akamwonyesha mstari mwingine, wa diski. Akasema kuna jambo limewasumbua vichwa hapo ofisini. Filamu zao nyingine diski huuzwa kwa fujo siku za mwanzo, halafu kimya, zinafia madukani. Hii haikuwa na siku za mwanzo wala nini. Ilianza kinyonge. Ila haikufa. Kila mwezi maduka yaliagiza tena, kidogo kidogo, bila tangazo hata moja.

"Zinachunika," Mama Joka akasema. "Diski moja inalelewa na mtaa mzima. Ikichunika kabisa, ndipo mmoja anajikamua ananunua nyingine."

"Wewe mama ungekaa kiti hiki."

"Sikitaki. Kirefu mno."

Basi yakawa mazungumzo. Akaletewa maji. Meneja akampigia simu mkubwa wake papo hapo, akamweleza habari ya mapaja kama kaivumbua yeye, na Mama Joka akamwachia, ajifanyie. Simu ilipokatwa Meneja alikuwa ameng'ara uso.

"Tunafanya, mama. Sehemu ya pili. Mwaka huu huu, kabla watu hawajabadili mawazo."

Mama Joka hakuruka wala hakupiga kigelegele. Mabega yalimshuka tu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Alimwona Fundi kwenye mawazo yake, kakaa chini, sponji zimemzunguka, gundi mpaka kwenye nyusi. Akasema ahsante.

"Ila," Meneja akasema.

Mama Joka akashusha bilauri mezani.

"Joka tutalifanya kwa kompyuta. Lile la sponji lilitula muda na fedha, mwenyewe unakumbuka, mara limelowa, mara waya umekatika. Vijana wetu wako vizuri siku hizi. Kuna kitu kimoja tu kimewashinda." Akainama mbele. Sasa alikuwa anaongea kwa mapenzi ya kweli, na hapo ndipo palipouma. "Diski zilipokataa kufa, tuliwauliza wazazi watoto wanapenda nini. Wote jibu moja: kale katetemeko. Joka kubwa vile, na linaogopa kuliko wao. Wanalipakata. Wanaliambia usiogope. Mama, kale katetemeko ndiko kanakouza diski. Tangu barua yako ifike vijana wamejaribu kukaiga, kanatoka kama simu inayoita mfukoni. Sasa tunamwomba yule fundi wako aje siku moja tu, tumpige picha mikono akiichezesha vile vile, mashine ijifunze kwake. Siku moja, na tutamlipa vizuri. Aliwezaje ule ufundi? Ni siri ya kazi?"

Mama Joka aliangalia kiyoyozi. Angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, jina alilolitaja daktari, na kijana huyu angelia, alikuwa na sura ya kulia. Kisha wangeona haya, wangeacha, na Fundi asingeitwa tena na mtu yeyote mahali popote.

"Ni siri ya kazi," akasema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Alirudi nyumbani jua bado kali, miguu inamburuta. Mlangoni alisikia mkasi. Fundi hakuwa amengoja. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha mbele, ameteremsha sponji za zamani kutoka juu ya kabati, anakata taya jipya. Ukingo mmoja ulikuwa umenyooka kama zamani. Ukingo wa pili ulikwenda kombo, ukarudi, ukaenda kombo tena. Alikuwa ameanza upya mara kadhaa, vipande vibovu amevisukumia chini ya kiti asivione mtu.

Mama Joka akakaa chini karibu naye, na viatu vyake vivyo hivyo.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

Fundi akaweka mkasi chini. Alimtazama mkewe, na kwa kuwa walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, hakushangilia.

"Sema yote," akasema.

Akaanza na lililo jema. Akamwambia habari ya saloni, watoto chini ya meza ya mafuta, shingo nje. Akamwambia kuwa kilichoiweka filamu hai muda wote huo ni ule mtetemo. Kwamba hakuharibu kitu, na kwamba watoto wanalipenda joka kwa sababu hiyo hiyo aliyokuwa akijilaumu nayo kila siku ya Mungu. Fundi alisikiliza mdomo wazi.

"Wanalipakata?"

"Wanaliambia usiogope."

Akainamisha kichwa. Alipokiinua macho yalikuwa mekundu, na Mama Joka akatamani wangeishia hapo, mtu aje abishe hodi, lolote. Hakuna aliyebisha. Akamwambia na lililobaki.

Fundi akalitazama lile taya la sponji.

"Kwa hiyo joka langu hawalitaki."

"Hawalitaki."

"Wanautaka ugonjwa."

"Hawajui kama ni ugonjwa. Wanadhani ni ufundi." Hapo uchungu ukampanda. "Nikiwaambia hapana, ni hapana. Watajijua na kompyuta zao. Sikwenda kule kukutafutia hili, unanisikia? Sikwenda kutafuta hili."

"Nakusikia."

Saa yake ya dawa ilikuwa imefika. Mama Joka alinyanyuka akamletea kidonge na maji, maana afadhali kufanya kitu kuliko kukaa. Kidonge hicho ndicho kilichokuwa kinamtuliza mikono, si sana, ila saa chache za kula bila kumwaga na kushika simu bila kuidondosha. Fundi alikipokea kwenye kiganja. Kiganja kikakirusharusha, naye akakitazama kinavyoruka.

"Siku hiyo ya picha nisikimeze, sivyo?" akasema. "Watoto wasije wakapunjwa."

Alisema kwa utani, na macho yake yakabaki kwa mkewe yakimngoja acheke. Mama Joka alijikaza akacheka. Fundi akameza dawa ya siku hiyo, akajipangusa kidevu, akauliza siku yenyewe ni lini, na wanataka afike saa ngapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata kazi.